Kalamu, karamu na yule shangazi

Wiki hii mmeuliza: mtu akichanganya "r" na "l" mbele za watu, asahihishwe palepale au aachwe? Asahihishwe. Ningeishia hapo, ila swali limegusa kidonda cha jirani: mtu ambaye ulimi wake hauzitofautishi sauti hizo, ana haki gani ya kutufanyia mzaha wa maneno yanayofanana? Hilo ndilo nitakalolijibu.

Dar sasa kila mwenye maikrofoni anaujaribu mzaha huo, na ukiutazama juujuu ni rahisi, maana maneno pacha tunayo tele: paa la nyumba na paa wa porini, tai ya shingoni na tai wa angani, kaa la moto na kaa wa baharini, mbuzi ya kukunia nazi na mbuzi wa supu. Wanaodhani ni mali ya bure hawajakutana na ngeli. Ukishasema "la", msikilizaji kashaona bati. Ukisema "wa", kashamwona mnyama anakimbia. "Tai yangu imechanika" haina ndege ndani yake hata kidogo. (Wazee wa Mombasa na Lamu wana kinga ya ziada, maana paa wa porini humtamka kwa pumzi na paa la nyumba bila pumzi. Sisi huku pumzi hiyo hatunayo.)

Kwa hiyo fundi wa mzaha hulificha neno mahali pasipo na upatanisho: likiwa peke yake, au baada ya "ni", "na" au "bila". "Konda kakonda", wanavyotaniana kwenye daladala, husimama vizuri hata pamoja na kiambishi "ka", kwa kuwa mzaha wake ni sauti inayojirudia. Jozi za "r" na "l" ndizo ngumu zaidi. Kura ni yako lakini kula ni kwako. Mahari yake, mahali pake. Fahari yetu, fahali wetu. Zote zinavunjika zikiguswa na kivumishi. Zinazobaki imara ni chache, kama hali na hari, kalamu na karamu, kwa kuwa zimo katika ngeli moja: kalamu yangu, karamu yangu, kalamu zimeisha, karamu zimeisha. Kwa anayejua kutamka, hapo pana dhahabu. Kwa asiyejua, pana shimo.

Mshereheshaji mmoja alitumbukia humo katika harusi moja Sinza. Bibi harusi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, bwana harusi mpishi wa shughuli, anayekodiwa pamoja na masufuria yake. MC alikuwa amejiandalia sentensi iliyoshonwa barabara: "Huyu kaja na kalamu, huyu kaja na karamu, leo tuandike au tule?" Maneno yote mawili yako baada ya "na", na swali la mwisho ndilo linalofungua fumbo. Kwenye karatasi haina kasoro. Mdomoni mwake ikatoka: "Huyu kaja na kalamu, huyu kaja na kalamu." Kimya. Akarudia polepole, kosa la pili hilo, maana ukipunguza kasi bila kutenganisha sauti unawapa watu muda wa kuhakikisha kwamba kweli hawakusikia tofauti. Mara ya tatu akawa anamnyooshea kidole mmoja mmoja. DJ, akidhani mtu kamaliza, akaachia wimbo, kisha akaukata. Meza kuu wakabaki wanatazamana. Ndipo shangazi mmoja wa upande wa bibi harusi, aliyekaa nyuma kabisa karibu na meza ya chakula, akapaza sauti: "Kumbe wote walimu? Sasa nani kapika?" Ukumbi ukalipuka. Bwana harusi alishika tumbo, kamati wakagonga meza, na MC, kwa sifa yake, hakujitetea.

Kiufundi, kasoro ile inatibika. Kwenye "r", ncha ya ulimi hugonga ufizi wa juu mara moja na kuachia. Kwenye "l", ncha hubaki imeegemea ufizi na hewa ikapita kandokando. Maana yake "l" inavutika, "r" haivutiki. Bahati nzuri mkazo wa maneno yote mawili unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, palepale penye tofauti: ivute kidogo "l" ya kalamu, igonge upesi "r" ya karamu. Maikrofoni ikae vidole vinne kutoka mdomoni, isimezwe, kwani bezi huzidi na kuanza kula konsonanti. Ulimi ukikataa kabisa, weka neno la kusaidia, "kalamu na chaki", "karamu na pilau". Makali yatapungua, lakini hutatumbukia.

Ila kadiri ninavyoandika, ukali wangu wa mwanzo unalegea. Kalamu, karamu, mahali, mahari, hali, hari, fahari, fahali, kura: yote yametoka Kiarabu, ambacho huzitenganisha sauti hizi mbili. Lugha nyingi za Kibantu zina moja tu mahali hapo, kwa hiyo anayezitamka sawa si mvivu, ana sikio la kwao. Na shangazi angepata wapi mlango wa kuingilia kama MC angetamka kama mtangazaji wa redio? Kicheko alichokipanga kingekuwa cha adabu. Kile cha shangazi ndicho watu walichoondoka nacho. Hata mgombea anayesimama jukwaani kuomba "kula" anapata makofi ambayo mwenye "kura" safi hayapati.

Basi asisahihishwe palepale. Asahihishwe baadaye, pembeni, kama maikrofoni ndiyo kazi yake. Mwanafunzi asahihishwe wakati wa imla, mtangazaji kila siku. Wengine waacheni, mradi wasiguse kalamu na karamu bila mazoezi, au wahakikishe shangazi wa aina ile kaalikwa. Mwenye kiwanda cha kanga tu ndiye simsamehe: jina, ule msemo wa kwenye kanga, likishachapwa KALAMU palipotakiwa KARAMU, hakuna wa kudakia, na doti zote hizo zitaishia kuvaliwa jikoni.