Kazi Yako Imekwama Kwenye Foleni

Msomaji mmoja ameuliza afanyeje ili aandike msimbo kwa kasi zaidi, maana kiongozi wa timu anamwona mzembe. Kwa maelezo yake mwenyewe, kazi anaimaliza Jumanne na inaunganishwa Jumatatu inayofuata. Ndugu yangu, vidole vyako havina tatizo. Ombi lako la kuunganisha, hiyo PR (pull request), yaani ombi kwamba wenzako wakague msimbo wako kabla haujaingizwa kwenye msimbo wa timu, limekaa siku nne za kazi likisubiri mtu alifungue.

Hesabu yake iko wazi tangu mtafiti John Little alipothibitisha kanuni yake ya foleni mwaka 1961. Chukua idadi ya maombi yaliyo wazi, gawanya kwa idadi mnayounganisha kwa siku. Yakiwa 20 na mnaunganisha matano, kila ombi litasubiri wastani wa siku nne. Ukiandika haraka zaidi yakafika 30, mtasubiri siku sita. Mwongozo wa uhandisi ambao Google imeuweka hadharani unasema kwa ombi moja mistari 100 kwa kawaida inafaa, 1,000 imezidi, na mkaguzi ajibu ndani ya siku moja ya kazi.

Wengi wanakubali kutuma maombi madogo, ila wanakata pasipokatika. Tuseme mfumo wenu unapokea majibu ya malipo ya M-Pesa, na unataka jibu likija mara ya pili muamala usihesabiwe tena. Ombi moja la mistari 900 linabeba safu mpya ya hifadhidata, mantiki mpya na majina ya fankshoni uliyobadilisha njiani. Mkaguzi akikutana na mafaili 40, ama anapitisha bila kusoma, ama analiacha mpaka kesho.

Tuma kwanza mabadiliko ya majina peke yake. Hayo yanakaguliwa kwa dakika chache. Kisha safu ya namba ya muamala, isiyoruhusu namba kujirudia lakini inayoruhusu kuwa tupu. Halafu mantiki, ikiwa nyuma ya swichi iliyozimwa, yaani mpangilio unaoizuia isifanye kazi mpaka muuwashe. Kuwasha swichi ni ombi lake lenyewe. Kuilazimisha safu isiwe tupu kuje mwisho kabisa, rekodi za zamani zikishajazwa. Hapa ndipo watu huharakisha na kuangusha mfumo: toleo jipya linapopandishwa, seva zenye toleo la zamani bado zinapokea malipo kwa dakika kadhaa, na zinaandika rekodi zisizo na safu hiyo. Hifadhidata inazikataa. Mteja amekatwa pesa, kwenu hakuna kumbukumbu. Mtu aliyelipia dawa au karo hastahili kufanyiwa hivyo kwa sababu timu ilitaka kuokoa ombi moja.

Kama umeshachanganya kila kitu, tumia `git add -p`, amri ya Git, programu inayotunza matoleo ya msimbo. Git itakuonesha kipande kimoja kimoja: `y` kukichukua, `n` kukiacha, `s` kukigawa. Mistari iliyobadilika ikiwa imeshikana, `s` haigawi. Tumia `e` uhariri mwenyewe. Kabla ya kuhifadhi (commit), endesha `git stash -k -u`, inayoweka kando mabadiliko ambayo hukuchagua, kisha majaribio, ili ujue ulichochagua kinasimama chenyewe. Ukiisahau `-u`, faili jipya ambalo Git bado hailijui linabaki pale pale, majaribio yanapita kwa msaada wake, na kwa mwenzako yanagoma.

Upande wa mkaguzi hauna mengi. Usichukue tiketi mpya kama kuna ombi la mwenzako linalosubiri. Kagua asubuhi kabla hujafungua msimbo wako, na tena baada ya chakula cha mchana. Mtu akikuita katikati ya kazi nzito, anaweza kungoja saa hizo.

Kwa huyo kiongozi, usiende na malalamiko. Andika tarehe tatu za kila ombi la mwezi uliopita: lilipofunguliwa, lilipopata maoni ya kwanza, lilipounganishwa. Pengo kubwa likiwa kati ya mbili za kwanza, ombeni timu nzima ikubaliane muda wa kujibu. Likiwa kati ya mbili za mwisho, maombi yako bado ni makubwa, anza kuyakata.