Kabla Hujaomba Uanagenzi wa Farasi, Uliza Nani Huamshwa Usiku

Juzi kijana mmoja wa Shela, aliyemaliza mwaka wa tano wa udaktari wa mifugo pale Kabete, alinikuta gatini nikingoja boti ya Mokowe. Baada ya salamu, na salamu zetu mwazijua urefu wake, akanitolea lake: "Dada, nami nataka nikafanye uanagenzi wa farasi, ule mwaka wa kujifunza kazi baada ya shahada, kwenye hospitali ya chuo kikuu huko ng'ambo. Niombe wapi?" Boti ikafika sijamaliza hata robo ya jibu. Lililobaki ni hili, na naliandika kwa sababu yeye si wa kwanza kuniuliza.

Watu hucheka wakisikia mtu wa Lamu amekwenda kujifunza kutibu farasi. Mji wetu hauna farasi, una punda. Punda ndiye lori letu: mchanga, matumbawe, saruji, mitungi ya gesi, vyote hupita vichochoroni mgongoni mwake. Ila punda na farasi ni ukoo mmoja. Hata mmoja wao hawezi kutapika, matumbo yao yamejikunja kwa mtindo ule ule, na kinachowaua zaidi usiku wa manane ni tumbo. Mimi udaktari niliuona kwa mara ya kwanza nikiwa mtoto wa chuo cha Kurani, nimesimama nje ya kliniki ya punda ya The Donkey Sanctuary, ile iliyofunguliwa hapa mjini mwaka 1987, nikitazama mtu mzima anavyopuliza mpira aliouingiza kwenye pua ya mnyama. Nilidhani anamchezea.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwaficha punda hao. Barua yangu ya kwanza ya maombi niliijaza farasi wa mbio wa Ngong, ambao kusema haki niliwaona mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo nilikuwa nje ya uzio. Niliandika "mapenzi yangu kwa farasi" nadhani mara nne. Hakuna hospitali iliyonitaka.

Mwaka uliofuata niliandika habari ya punda mmoja tu. Ilikuwa kabla ya Agosti 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, na punda wetu wakati huo walikuwa wakila mifuko hiyo majaani kama wanavyokula majani. Ami mmoja alinipigia simu baada ya Alfajiri. Nilipofika nilimkuta punda wake amesimama kando ya rundo la boriti, shogi, ule mfuko wa mizigo, bado iko mgongoni, kichwa chini. Hatoki jasho, hajigaragazi, hajitazami ubavu. Nikasema huyu mbona yuko sawa. Ami akanitazama vile wazee wanavyokutazama ukiwa umesema upuuzi. "Mwanangu, punda hana kelele ya maradhi. Ukimwona kanyamaza na chakula kiko mbele yake, njoo upesi."

Nikaweka sikio ubavuni. Kimya. Nikahesabu mapigo ya moyo: 76 kwa dakika, na punda aliyetulia huwa kati ya 36 na 52 hivi. Nikatoa mrija.

Hapa nataka ukae kidogo, mdogo wangu, kwa sababu hii ndiyo kazi yenyewe. Mrija unapita puani, chini kabisa, ukiukumbatisha sakafu ya pua. Ukiuelekeza juu hata kidogo, damu itamwagika mpaka mwenye punda akuombe urudi kwenu. Pua ya punda ni nyembamba kuliko ya farasi wa kimo chake, kwa hiyo mrija uwe mdogo. Ukifika kooni, ngoja ameze. Usisukume, ngoja. Akimeza, sindikiza. Ukiwa njia ya chakula utahisi ukinzani kidogo mkononi, na ukitazama upande wa kushoto wa shingo utaona mrija unateremka chini ya ngozi kama panya chini ya jamvi. Ukiwa njia ya hewa unateleza bure bila kushikwa na kitu, na punda anaweza asikohoe kabisa, usimtegemee akwambie. Vuta hewa kwa mdomo: ikikataa kuja, hapo ni sawa. Mtu akipeleka maji mapafuni, amemuua mnyama kwa mkono wake. Kisha pampu maji kidogo, shusha ncha ya mrija kwenye ndoo iliyo chini, na upime kinachorudi. Kwa farasi mkubwa, zaidi ya lita mbili juu ya ulizotia ni dalili kwamba njia imeziba huko mbele.

Punda yule alipona. Siku ya tatu alitoa kipande cha mfuko wa buluu, ami akakitundika mlangoni. Hayo ndiyo niliyoyaandika, mapenzi sikuyataja, na nikapokewa.

Sasa taratibu, nazipita haraka maana zinabadilika na utazikuta mwenyewe. Marekani nafasi nyingi za hospitali za vyuo vikuu hupitia mpango mmoja unaosimamiwa na American Association of Veterinary Clinicians. Wewe unapanga hospitali kwa jinsi unavyozitaka, nazo zinapanga waombaji, kisha kompyuta inaoanisha. Ikishaoanisha umeshaozwa, hakuna kusema moyo umegeuka. Watataka matokeo yako ya chuo, wasifu, barua ya kujieleza na barua za madaktari wanaoijua kazi yako, na kazi huanza katikati ya mwaka, kwa miezi 12. Shahada ya Kabete peke yake haikupi leseni ya kutibu kule. Waliosoma vyuo visivyo na ithibati yao hupitia ECFVG au PAVE, yaani mitihani ya kuithibitisha shahada ya nje, na yapo majimbo yanayotoa leseni ya kufanyia kazi ndani ya chuo tu. Hili liulize kabla ya kutoa hata senti ya ada. Na usisahau karibu na nyumbani: Onderstepoort, chini ya Chuo Kikuu cha Pretoria, wana hospitali ya farasi, na huko utauona ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na usubi, ambao punda hupita nao bila hata kupoteza hamu ya kula ilhali farasi wanakufa.

Tuje kwenye jina la hospitali, maana ndilo lililonidanganya mimi. Niliipanga ya kwanza ile yenye jina kubwa kuliko zote nilizozijua. Sikujua kwamba katika hospitali ya chuo kikuu kuna foleni ya mikono. Mgonjwa akiingia, wa kwanza kumgusa ni bingwa, halafu daktari anayesomea ubingwa, ambaye yuko pale kwa miaka mitatu na ana mitihani mbele yake, halafu wewe mwanagenzi, halafu wanafunzi, ambao nao wamelipa karo na lazima washike kitu. Kesi nzuri ikija mchana, wewe unashika kamba. Nimeshika kamba sana. Kuna miezi nilihisi nimevuka bahari kuwa mchunga punda, kazi ambayo huku ningempa kijana wa kulipwa kwa siku.

Ndipo usiku unapokuwa shule. Usiku wamebaki wewe, wanafunzi wawili wanaosinzia, na farasi kumi na kitu wenye dripu. Kuna mtoto wa farasi aliyezaliwa jana asiyejua kunyonya, unamnyonyesha kwa mrija kila saa mbili. Kuna jike aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo ambaye lazima usikilize matumbo yake na kupapasa kwato zake zisije zikapata joto. Saa nane lori linaingia na farasi anayejipiga ukutani. Hapo mkono ni wako. Ila je, ukikwama, unampigia nani, naye akiamka anaamka na sura gani?

Ile hospitali yangu, siitaji, ilikuwa na daktari wa zamu ambaye ukimwamsha kwa jambo lililogeuka kuwa dogo, kesho yake anakusimulia mbele ya raundi nzima, pale madaktari na wanafunzi wanapopitia wagonjwa pamoja, kama kichekesho. Alinifanyia hivyo Februari, kwa homa ya farasi iliyoshuka yenyewe. Wiki moja baadaye waliletwa wawili kutoka shamba moja: farasi mzee mwenye msokoto wa matumbo, na punda rafiki yake, aliyeletwa amsindikize tu ili farasi asihangaike. Farasi akafia mezani. Punda akabaki kwenye banda la pembeni, hana faili, hana namba, anamngoja mwenyewe aje amchukue.

Nilipita pale usiku wa pili, saa nane na nusu. Nyasi zake zilikuwa vile vile walivyoziweka jioni, hata hazijachakurwa. Masikio yamelala. Nilimsikia ami wa Lamu masikioni mwangu kana kwamba amesimama nyuma yangu. Nami nilijua, si kwa kubahatisha, kwamba punda akiacha kula, hasa aliyenenepa, hasa aliyefiwa na mwenziwe, mwili wake humimina mafuta kwenye damu kuliko ini linavyoweza kuyabeba. Nilijua. Nikatazama simu. Nikakumbuka kicheko cha raundi, tena mara hii ni kwa punda asiye na faili. Nikamwekea majani mengine mabichi, nikamkuna shingo, nikaenda kumnyonyesha mtoto wa farasi.

Saa kumi na mbili asubuhi ndipo nilipomtoa damu bila ruhusa ya mtu, nikaisimamisha chupa dirishani. Damu ikituama, juu yake hubaki maji ya rangi ya samli nyepesi ambayo waweza kuona kidole upande wa pili. Yake ilikuwa tui. Tui la kwanza, zito, jeupe. Nilimpelekea yule yule daktari, na nikiri kwamba hakucheka wala hakuuliza kwa nini nimengoja. Walimtia dripu ya sukari, wakamlisha kwa mrija, mimi ndiye niliyeutia kwa sababu mrija wa farasi haukupita na wao hawakuamini kwamba mdogo ungetosha. Akafa siku ya tano. Mwenye shamba alipoteza wote wawili ndani ya wiki moja, akaniletea biskuti.

Kwa hiyo kijana wa Shela, swali lako "niombe wapi" nalijibu hivi: tafuta wanagenzi walioko sasa kwenye hospitali unayoitaka. Usimwandikie mkuu wa idara, atakujibu kwa lugha ya tovuti. Mwanagenzi wa sasa muulize mwezi uliopita ametia mrija mara ngapi kwa mkono wake, amefanya ultrasaundi ya tumbo ngapi, na nani alikuwa pembeni. Muulize mara ya mwisho alipomwamsha bingwa usiku ilikuwa lini, na bingwa alisema nini. Akicheka kabla ya kujibu, msikilize vizuri. Akinyamaza, msikilize zaidi. Uliza pia kuhusu zamu: unalala siku ngapi kwa juma, na baada ya usiku mzima unaruhusiwa kwenda au unaunganisha na mchana. Hospitali ya binafsi yenye farasi wengi, kama zile za Kentucky kwenye mashamba ya kuzalisha, inaweza kukupa mikono zaidi na vitabu kidogo. Ukitaka ubingwa baadaye, chuo kikuu kina uzito wake. Mimi sikutaka ubingwa, nilitaka kurudi Lamu, na laiti ningelijua hilo wakati wa kupanga orodha yangu.

Na ukifika, sema kwenye raundi. Sema "kwetu punda akifanya hivi huwa anaumwa," hata kama wanaokusikiliza wanatazama saa.

Mengine ni madogo. Mshahara wa mwanagenzi hautoshi kutuma nyumbani, waambie wazazi mapema, wasikungoje. Nunua viatu vya mpira jozi mbili, moja ikauke ukivaa nyingine. Na baridi: mapigo ya farasi hupimwa kwenye mshipa ulio chini ya taya, kwa ncha za vidole, na Januari yangu ya kwanza ncha zangu zilikuwa zimekufa ganzi, nikaandika kwenye faili kwamba mshipa haupatikani. Mwanafunzi mmoja akanionyesha: unatia mkono kwanza chini ya manyoya ya shingo, hapo kwenye joto, unahesabu mpaka ishirini, ndipo unaupeleka tayani.