Usichome udongo wa kitalu cha parachichi, mkuu

Mkuu wa Usa River, usiwashe hilo pipa. Umeandika kwamba kesho unakaanga udongo wote wa kitalu, na miche ikiota utaimwagia kabendazimu, dawa ya kuua fangasi, kila baada ya wiki mbili, kwa sababu mwenye duka la pembejeo amekuambia "fangasi wote ni ugonjwa, mmea una mizizi yake." Maneno hayo hayo niliuziwa mimi hapa Moshi, pamoja na chupa. Nikakaanga, nikamwagia. Pesa ilikuwa ya mkopo wa VICOBA.

Miche itaota vizuri, na hapo ndipo utakapodanganyika. Mbegu ya parachichi ni kubwa, ina akiba yake, kwa hiyo majani ya kwanza yanatoka ya kijani na unaanza kupiga hesabu za faida. Akiba ikiisha, mche unasimama. Yangu ilisimama kabla ya kufika magotini. Majani madogo, yamefifia, shina jembamba hadi fundi wa kubebesha akakataa kupachika kikonyo cha Hass, ile parachichi ya biashara. Nikarudi dukani. Nikaambiwa niongeze DAP, mbolea ya fosforasi, na nizidishe kabendazimu. Nikaongeza, ikazidi kudumaa. Mvua za masika zilipokolea nikapasua kiriba, nikaosha udongo: mizizi midogo ilikuwa myeusi, ukiivuta gome linabaki vidoleni na kiini kinabaki kama uzi. Ule ule uozo niliokuwa nikilipia kinga yake.

Mjomba wa duka hakuniambia kwamba anayeozesha mizizi ya parachichi, Phytophthora cinnamomi, kwa ukoo si fangasi kabisa. Ndugu zake wa karibu ni mwani wa kahawia wa baharini. Kabendazimu hupiga fangasi wa kweli, huyu haimgusi. Kwa hiyo unalipa pesa kuua rafiki, yaani fangasi wanaoishi ndani ya mizizi na kuulisha mmea, na kumwachia adui uwanja mtupu. Muuzaji huyo bado ananisalimia mjini kwa bashasha. Salamu naitikia, ushauri nimemrudishia.

Ila kinachoniuma zaidi ni hilo neno "mmea una mizizi yake." Mimea ilipoanza kuishi nchi kavu, yapata miaka milioni 470 iliyopita, haikuwa na mizizi. Ilikuwa vijani vidogo kwenye ardhi ya mawe na vumbi. Maji ya mvua ilipata, hewa ilipata, lakini fosforasi ilikuwa imefungwa ndani ya mawe. Mwaka 1975 Pirozynski na Malloch walitoa hoja kwamba mimea isingeweza kuhamia nchi kavu bila kushirikiana na fangasi, na ushahidi umekuwa ukijazana tangu hapo. Wisconsin, Marekani, zimepatikana mbegu za fangasi wa kundi hili kwenye miamba ya miaka milioni 460 hivi. Halafu kuna Rhynie, kijiji cha Uskoti, ambako daktari William Mackie aligundua mwaka 1912 mawe yenye mimea mizima ndani yake. Kulikuwa na chemchemi za maji yanayochemka kweli kweli, si uvuguvugu wa chemchemi yetu ya Chemka, na madini yake yakaigandisha mimea ikiwa imesimama, seli kwa seli. Umri wake ni miaka milioni 407 hivi. Mmoja wapo, Aglaophyton, hauna mizizi wala majani, ni vijiti tu. Mwaka 1994 Winfried Remy na wenzake walionyesha kwamba ndani ya seli zake kuna fangasi waliotawanya vitawi vidogo vidogo kama kichaka. Kichaka hicho hicho utakiona leo ukichukua mzizi wa mgomba au wa mkahawa, ukautia rangi na kuutazama kwa hadubini.

Mzizi umekuja baadaye, ukamkuta fangasi yuko kazini.

Na mkataba haujabadilika sana. Fangasi anapitisha nyuzi nyembamba kuliko vinyweleo vya mzizi, anafika mbali na kuleta fosforasi. Mmea unamlipa sukari na mafuta. Mwaka 2017 ilithibitika kwamba fangasi hawa hupata mafuta yao kutoka kwa mmea, kwa kuwa wenyewe hawana uwezo wa kuyaunda. Mmea ukikosa fosforasi hutoa kemikali ya kumwita fangasi. Wajapani waliitambua mwaka 2005, na ni ya jamii ile ile inayoamsha mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Kiduha kimejifunza kudukua simu ya watu wengine. Ukimwaga DAP nyingi, mmea unashiba na kunyamaza. Ukiwa umekaanga udongo, hata ukiita hakuna wa kuitika.

Sasa tazama mmea uliouchagua. Kabichi na mchicha huishi bila fangasi hawa. Parachichi karibu halina vinyweleo vya mizizi. Linategemea nyuzi za mwenzake karibu kama Aglaophyton. Na udongo wetu huu wa volkano, wa Kilimanjaro na wa Meru, unaikamata fosforasi na kuing'ang'ania. Mwaka 1972 watafiti wa Marekani walishaonyesha kwamba miche ya michungwa iliyodumaa kwenye vitalu vilivyofukizwa dawa ilikuwa imekosa fangasi hao tu. Imeandikwa zaidi ya miaka hamsini, na sisi bado tunauziwa chupa!

Kwa hiyo kila kiriba kipate udongo hai kabla hakijapata kitu kingine chochote. Chota kwenye nyasi au mahindi yaliyostawi, au chini ya migomba ya kihamba, pamoja na vijizizi vyake, maana fangasi hawa hawachagui sana mwenyeji. Usichote chini ya parachichi, hata kama unaona limestawi, maana adui anaweza kuwa yumo. Kama umeshakaanga, changanya udongo hai ndani yake. DAP iwe kidogo mno, samadi iliyoiva inatosha kuanzia. Na huyo Phytophthora anaogelea: mbegu zake zina mikia na zinahitaji maji yaliyotuama. Weka viriba juu ya kichanja, toboa matundu ya kutosha, na maji ya mfereji yasipite chini yake. Hiyo chupa kama hujaifungua, irudishe kesho asubuhi, wakupe pesa yako.