Maswali ya Wasomaji: Kidonda cha Sikioni Kisichopona

SWALI: Daktari, mdogo wangu wa kiume ana ualbino na anauza nyanya mnadani. Ana kidonda kwenye ukingo wa juu wa sikio la kushoto, huu mwezi wa nne sasa. Hukauka, hufanya gaga, kisha hutoka damu anapojifuta uso kwa taulo. Duka la dawa wamempa dawa ya fangasi mara tatu. Je, inaweza kuwa saratani? Na mimi mwenye ngozi nyeusi, niko salama?
Dada, Singida

JIBU: Dada yangu, nianze na la haraka. Dawa ya fangasi iachwe, na mdogo wako apelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa wiki hii. Siwezi kutaja ugonjwa kwa kusoma barua, lakini kidonda cha miezi minne mahali panapopigwa na jua, kwa mtu mwenye ualbino, hushukiwa kuwa saratani mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Kipimo chenyewe si cha kuogopesha: huchomwa sindano ya ganzi, hukatwa kipande kidogo cha ngozi, nacho hutazamwa maabara kwa hadubini.

Saratani inayowapata zaidi watu wenye ualbino barani Afrika ni ile ya seli bapa za tabaka la juu la ngozi. Huanza kama kigamba kikavu, na ikigunduliwa mapema mara nyingi humalizwa kwa upasuaji mdogo. Ikicheleweshwa, hula sikio na kufika kwenye tezi za shingo. Ipo pia ya seli za chini ya tabaka hilo, ambayo ndiyo inayoongoza kwa Wazungu: huota kama kinundu king'aavu, hukua polepole na ni nadra kusambaa mwilini, ingawa huharibu sana mahali ilipo. Zote mbili hutokana hasa na miale ya jua iliyojilimbikiza tangu utotoni, kwa kuwa ngozi isiyo na melanini ya kutosha, yaani rangi ya asili ya ngozi, haina kivuli chake yenyewe.

Mwulize mdogo wako anavaa kofia gani. Naona vijana wengi wenye kapelo, ambayo hukinga paji la uso na kuyaacha masikio na kisogo vikiungua; anahitaji kofia ya ukingo mpana pande zote, shati la mikono mirefu, meza iliyo chini ya turubai, na mafuta ya kuzuia miale ya jua, ayapake hadi nyuma ya masikio na arudie kila baada ya saa mbili. Yapo ya Kilisun, yaliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino na kuanza kutengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi. Ulizeni kliniki ya ngozi au chama chao cha mkoa.

Kuhusu wewe, melanini yako inakukinga sana na jua, lakini si kila saratani ya ngozi huletwa na jua. Melanoma, inayoanzia kwenye seli za rangi na kusambaa upesi, kwa watu weusi hupenda kujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley alikutwa nayo chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu mwaka 1977, na akafariki mwaka 1981. Doa jeusi la unyayoni linalotanuka, au mstari mweusi kwenye ukucha mmoja unaozidi kupanuka, uonyeshe kwa daktari.

Kovu la zamani la moto, au kidonda cha mguu cha miaka mingi kinachoanza kuota nyama, nalo laweza kugeuka saratani, na hilo husahauliwa mno vijijini. Tena iko saratani ya Kaposi, inayohusishwa na kirusi cha jamii ya malengelenge na kuchochewa na VVU: madoa ya zambarau au meusi miguuni, hata kwenye kaakaa, yasiyouma wala kuwasha. Anayeyaona apime VVU, kwa sababu dawa za kufubaza virusi zenyewe ni sehemu ya tiba yake.