Fedha za umma kwa kikundi cha maigizo ya afya

Dada, umeuliza kama kikundi chenu cha ngoma na maigizo ya kipindupindu kinaweza kupata fedha za halmashauri. Kinaweza, ila chagueni vizuri mlango wa kubisha.

Wengi watawaelekeza kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri za Tanzania hutengea vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba, lakini ni mkopo. Igizo la bure sokoni halileti marejesho, na nimeona kikundi kizuri kikisambaratika kwa deni la namna hiyo. Iliniuma sana. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao unakopesha, kwa hiyo ufikirieni kama mnacheza pia harusini kwa malipo.

Kwa kazi ya afya, nendeni kwa Mganga Mkuu wa halmashauri yenu. Ofisi yake huandaa mpango wa afya wa kila mwaka, na elimu kwa jamii ni sehemu yake. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, hivyo ukienda Juni umechelewa. Nenda Oktoba au Novemba, kabla bajeti haijafungwa, na mshirikishe Afisa Utamaduni. Beba cheti cha usajili, akaunti ya kikundi na mchanganuo wa onyesho moja: nauli, chakula, mafuta ya jenereta. Kwenye barua taja ripoti ya WHO ya 2019 iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya.

Na kabla hamjataja hela, mwalikeni Mganga Mkuu aje aone onyesho lenyewe.