Gemu zinakufa kweli?

SWALI: Assalaam alaykum, Bi Mkubwa. Nina banda la gemu hapa Wete, televisheni tatu, vijana wanacheza mpira. Shemegi yangu anasema biashara ya gemu duniani inakufa, niuze mashine zote ninunue bodaboda. Ni kweli? – Mwenye Banda

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Shemegi hakuzua. Januari 2024 Microsoft ilitangaza kupunguza watu 1,900 upande wa gemu. Februari Sony ikatangaza 900. Agosti ya mwaka huohuo Sony ikatoa gemu yake Concord, iliyotengenezwa kwa miaka, na baada ya wiki mbili ikaizima na kurudisha pesa za watu. Jeuri ya kutia fedha zote kapu moja!

Lakini huko si kufa. Kufa nusura kulitokea Marekani mwaka 1983, soko lilipofurika gemu mbovu na maduka yakazichoka. Nintendo ndiyo iliyokuja kulifufua.

Wewe mshindani wako ni simu iliyo mfukoni mwa kijana. Kinachomleta bandani ni kumfunga mwenzake 3–0 mbele ya watu, na gemu ya mwaka juzi inamtosha. Kabla hujauza chochote, badilisha pedi za kuchezea zinazokwama.