Mwenye gari mmoja, kampuni nne: kwa wanaoanza kazi ya huduma za chasisi

Simu nyingi utakazopokea zitaanza hivi: "Wewe ni mtu wa nne ninayempigia leo." Usikasirike, wala usijitetee. Anayesema hivyo anasema kweli.

Nawaandikia ninyi vijana wetu mnaoingia kwenye gereji na madawati ya huduma ya magari-nyumba huku Marekani, hasa mnaofikia kaskazini mwa Indiana. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tatu kwenye kazi hii. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa bodi za mabasi Mombasa, na ndiyo maana nilichokikuta huku hakikunishangaza sana. Mnajua basi la kwetu linavyozaliwa: chasisi ya Scania au Isuzu inakuja tupu, injini, usukani na magurudumu basi, na dereva anaileta huku vumbi lote likimpiga usoni. Gereji ya bodi ndiyo inayoipandishia vyuma, mabati, vioo na viti. Miezi sita baadaye basi likianza kulia, mwenyewe akija kwetu tulimwambia hiyo ni chasisi. Akienda kwa wakala wa chasisi anaambiwa hiyo ni bodi. Nami nilikuwa mmoja wa waliomwambia hivyo, na basi lilikuwa limepaki siku hizo zote bila kuingiza senti.

Gari-nyumba kubwa la dizeli limeundwa kwa mtindo huohuo. Chasisi inatoka kwa Freightliner kule Gaffney, South Carolina, au kwa Spartan kule Charlotte, Michigan. Injini mara nyingi ni ya Cummins, gia boksi ni ya Allison. Nyumba yenyewe, yaani kitanda, jiko, choo na vyumba vinavyotoka nje kwa kubonyeza kitufe, inajengwa na kampuni kama Newmar ya Nappanee, Indiana, au Tiffin ya Red Bay, Alabama. Yale ya petroli mengi yamekalia Ford F-53. Kila mmoja ana waranti yake na simu yake, na kila mmoja ana mpaka ambao kwake kazi inaishia.

Kuna jambo moja ambalo wageni huchelewa kulijua. Wauzaji wa chasisi wanashindana kwelikweli: nani gari lake linakata kona fupi zaidi, nani ana sasipensheni laini, nani dashibodi yake inapendeza. Lakini wanachogombea ni oda ya mwenye kiwanda cha nyumba. Mzee aliyestaafu, akauza nyumba yake akanunua gari la kuishi na mkewe, hakuulizwa anataka chasisi gani. Alichagua ramani ya vyumba na rangi ya makabati, chasisi ikaja nayo. Kwa hiyo anayelipa pesa zote si yule ambaye muuzaji wa chasisi amezoea kumwita mteja. Maoni yangu ni kwamba hapo ndipo huduma inapovujia, na kampuni itakayoliziba tundu hilo itasifiwa na wenye magari kwenye kila kambi wanakoegesha magari haya.

Nitatoa mfano mmoja. Mama mmoja alikuja na gari ambalo taa za onyo kwenye dashibodi zilikuwa zikiwaka na kuzima zenyewe, hasa mvua ikinyesha. Wa injini alikuwa amepima injini, akasema nzima. Wa gia boksi naye hivyohivyo. Aliyejenga nyumba alimrudisha kwa wa chasisi, wa chasisi akamwambia waya fulani zimeongezwa na aliyejenga nyumba, hivyo yeye hazigusi. Kila mmoja alisema ukweli kuhusu kipande chake. Wiki tatu zilipita, na yule mama alikuwa akilala kwenye maegesho ya gereji moja baada ya nyingine. Tulipolala chini ya gari tulikuta waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari, uliofungwa kwenye reli ya chasisi, nyuma kidogo ya ngazi ya mlango, kutu imeutafuna. Tulisugua chuma, tukabadilisha kishikio, tukakaza nati. Kazi haikufika nusu saa. Lakini ili kufika pale ilibidi mtu mmoja akubali kushika ramani mbili za nyaya, ya chasisi na ya nyumba, na kuzisoma pamoja.

Ndiyo sababu nasema: ukipokea tatizo, ni lako hadi liishe. Kama ni la kampuni nyingine, wapigie wewe huku mwenye gari akiwa bado kwenye laini, eleza tatizo kwa lugha ya kifundi, taja ulichokwisha kupima, na usikate simu hadi mtu wa upande wa pili ameahidi siku. Kumpa mteja namba ya simu tu ni kumtupa.

Kabla ya lolote omba namba ya chasisi. Kwa Freightliner, tarakimu sita za mwisho zinatosha kukuonyesha gari lilitoka kiwandani na vipuri gani. Usiamini mwaka ulioandikwa kwenye karatasi ya mauzo peke yake, kwa sababu nyumba huuzwa kama ya mwaka 2018 ilhali chasisi iliundwa 2017. Nimeona filta na pedi za breki zisizo zake zikisafirishwa umbali wa majimbo mawili kwa kosa hilo. Muulize pia alinunua lini na kwa nani. Kama yeye ni mmiliki wa pili, kuna uwezekano mkubwa kwamba kiwanda cha chasisi bado kina anwani ya yule wa kwanza, na barua ya kuita magari yarudishwe kwa marekebisho ya usalama inakwenda kwa mtu asiye na gari tena. Mwandikishe hapohapo. Kisha itafute ile namba kwenye mfumo wa NHTSA, wakala wa serikali wa usalama barabarani, na uangalie upande wa chasisi na upande wa mjenzi wa nyumba pia.

Mnaotoka kwenye malori, hapa sikilizeni vizuri. Lori linafanya kazi kila siku. Gari-nyumba linaweza kukaa miezi minane bila kusogea, kisha likavuka nchi nzima kwa wiki mbili. Ratiba ya matengenezo inayohesabu maili hailifai peke yake: oili inazeeka ikiwa imekaa, kikaushio cha hewa cha breki kinachoka kwa miaka, na tairi linakufa kwa umri huku kashata zake zikionekana mpya. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni mwa tairi. Ukiona 3519, limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mwonyeshe mwenye gari mahali pa kusoma, na umwache asome mwenyewe.

Uzito nao ni chanzo cha ugomvi. Mtengenezaji wa chasisi anatoa kikomo, mathalani pauni 22,000, mjenzi anaweka marumaru na jokofu kubwa, mwenye gari anajaza vitabu, zana na maji. Galoni 100 za maji safi peke yake ni zaidi ya pauni 830, yaani karibu kilo 378. Gari likianza kuyumba, lawama inakwenda kwa chasisi. Shauri lipimwe kila gurudumu kwa upande wake likiwa limepakiwa kama wanavyosafiri, maana ekseli inaweza kuwa ndani ya kikomo huku upande mmoja umelemewa. Baada ya hapo ndipo upange presha ya tairi kwa jedwali la mtengenezaji wa tairi.

Tena kumbukeni gari hilo ni makazi ya mtu. Wakala wa malori anaweza kumwambia dereva aache gari na arudi Alhamisi. Huyu ataacha gari aende wapi? Ndani kuna mbwa, kuna insulini kwenye jokofu. Freightliner walilielewa hili: kituo chao cha Gaffney kina mahali pa kuchomeka umeme wa nyumba, na wana mtandao wa mawakala wanaouita Oasis waliojiandaa kupokea magari haya. Huko Gaffney pia wanawafundisha wamiliki wenyewe kuijua chasisi yao. Gereji yako ikiwa haina hata soketi moja ya nje, mwombe bosi aweke. Sijui matumizi mengine ya pesa yanayorudisha shukrani kubwa kiasi hicho.

Mwaka 2021 vipimio vya tangi la DEF, dawa ya kusafisha moshi wa dizeli ambayo kwetu tunaiita AdBlue, viliharibika huku chipu za kutengenezea vipya zikiwa haba duniani kote. Kompyuta ya injini isipopata taarifa za tangi inapunguza nguvu hadi gari linatambaa. Watu walikwama kwenye kambi wiki kwa wiki, hadi watengenezaji wa injini walipotoa programu ya kuzuia gari lisikatwe nguvu kwa hitilafu hiyo. Waliopigiwa simu kila Ijumaa kuambiwa "bado" walibaki kuwa wateja wetu. Wale tuliosubiri tupate kipuri ndipo tuwapigie, wengi hawakurudi. Sasa nawapigia hata kama sina jipya.

Usiingie chini ya gari kabla hujaweka stendi za chuma kwenye reli ya chasisi. Jeki ya maji haitoshi. Puto za hewa za sasipensheni zikiishiwa pumzi gari linashuka bila kupiga kelele, na watu wamefia hapo. Mwenye gari akitaka kukuonyesha kitu chini, mzuie, hata kama ni mtu mzima mwenye gari lake.

Mwisho niwaambie kuhusu Workhorse. Ilikuwa mshindani mkubwa wa Ford kwenye chasisi za petroli, ikanunuliwa na Navistar mwaka 2005, ikafungwa 2012. Magari hayakufungwa, yapo barabarani hadi leo, na wenye nayo wameorodhesha wenyewe ni vipuri gani vya kampuni nyingine vinavyoingia. Msimu uliopita mzee mmoja alikuja na faili nene, namba za vipuri zimeandikwa kwa penseli, kila ukurasa na tarehe yake. Nilimwomba ruhusa, nikapiga nakala ya kurasa za breki, na zimebandikwa juu ya benchi langu la kazi.